Ritifaa Si Pambo

Kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi mno kwenye mijadala yetu ya fasihi, na leo nataka kuipinga waziwazi. Eti Kiswahili kina bahati kwenye kompyuta kwa sababu hakina vidoti wala vikofia juu ya herufi zake. Wafaransa wahangaike na é zao, Wajerumani na ü zao, sisi tumetulia. Kibodi yoyote inatutosha, fonti yoyote inatutosha, na programu yoyote ya barua pepe itatufikisha salama.

Wanaosema hivi ni watu wenye akili zao. Baadhi ni wahariri, baadhi wamesomea isimu. Na wote wamemsahau ng'ombe.

Sifanyi mzaha. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ang'ania, nung'unika, king'ora, ung'ong'o, chang'aa. Sauti hiyo tunaiandika kwa herufi mbili na alama moja, na alama yenyewe, ritifaa, ambayo wengine huiita kibainishi, si kituo na wala si nukuu. Ni sehemu ya herufi. Ukiiondoa umebadilisha sauti, na wakati mwingine umebadilisha neno zima. Ng'oa ni kukitoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu, ni tamaa. Kati ya daktari wa meno na mtu anayelia ngoa, kilichosimama ni ritifaa moja tu.

Ninachodai ni hiki: mipangilio ya fonti na ya usimbaji katika programu ya barua pepe ni kazi ya uhariri. Si kazi ya kumwachia kijana wa kompyuta ghorofa ya chini. Majarida yetu, wachapishaji wetu na waandaaji wa mashindano ya uandishi wanapokea karibu kila kitu kwa barua pepe, halafu hawajui barua pepe hiyo inaifanyia nini lugha wanayodai kuitumikia. Kazi ikiharibika, analaumiwa mwandishi.

Hebu tuangalie jambo lenyewe linavyotokea, maana wengi hulichukulia kama mdudu aliyeingia tu kwenye mashine.

Kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Usimbaji ni lile jedwali linaloiambia kwamba namba fulani ni herufi fulani. Jedwali la ASCII lilitolewa Marekani mwaka 1963, nalo lina nafasi 128 tu. Ndani yake mna herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uakifishaji na amri chache za mashine. Ritifaa iliyonyooka imo, ni namba 39. Barua pepe ilijengwa juu ya jedwali hilo. Kwa hiyo wale wa kauli ya bahati wana chembe ya ukweli: ng'ombe aliyeandikwa kwa ritifaa namba 39 anasafiri kutoka Lamu hadi London bila kukwaruzwa.

Shida ni kwamba siku hizi unaweza kuipiga ritifaa hiyo kwenye kibodi na isiwe ndiyo inayobaki kwenye ukurasa. Programu za kuandikia, na simu nyingi pia, zina mazoea ya kuibadilisha hapo hapo kuwa ile iliyopinda, nzuri ya kitabuni. Hawakuulizi. Ukitazama kwenye kioo unaona imependeza, unaendelea. Lakini ile iliyopinda haimo katika zile 128. Kwenye jedwali la Windows-1252, lililotawala kompyuta nyingi za maofisini kwa miaka, ni namba 146. Kwenye Unicode ni namba 8217, na UTF-8, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuisafirisha Unicode, huibeba kwa baiti tatu. Alama moja, namba mbili tofauti, na idadi tofauti ya baiti. Mtumaji akitumia jedwali moja na mpokeaji akisoma kwa jingine, ndipo ng'ombe anapochinjwa.

Anachinjwa kwa namna nne, na mhariri anayejiheshimu anapaswa kuzitambua kama mganga anavyotambua homa.

Ya kwanza ni ng’ombe. Hapa barua ilitumwa kwa UTF-8 ikasomwa kwa Windows-1252. Zile baiti tatu zimesomwa kama herufi tatu. Hakuna kilichopotea. Badilisha usimbaji wa kusomea, ng'ombe anarudi mzima.

Ya pili ni ng�ombe, ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza. Hapa ni kinyume chake: namba 146 imesomwa kama UTF-8. Nayo inatibika, ilimradi hujaihifadhi upya.

Ya tatu ni ng?ombe. Hii ndiyo mbaya. Programu iliyotuma ilishurutishwa kutumia jedwali lisilo na alama hiyo, ikaweka alama ya kuuliza mahali pake. Kilichokuwa pale hakipo tena. Hakuna mpangilio wa kukirudisha, inabidi umwandikie mwandishi umuombe atume tena.

Ya nne haina alama yoyote. Ni ngombe. Namba 146 katika jedwali la ISO-8859-1 ni amri ya mashine isiyoonekana, kwa hiyo programu inayolifuata jedwali hilo kikamilifu haionyeshi kitu. Ritifaa imeondoka bila kuaga. Hii ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Zile tatu zinapiga kelele, hata mhariri mvivu atashtuka. Hii inampa matini safi, yasiyo na dosari machoni, na anachapa.

Mtu ataniambia: ndugu, hayo ni ya zamani, leo kila kitu ni UTF-8. Ni kweli kwamba UTF-8 imekuwepo tangu 1992, ilipobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike, na ni kweli kwamba programu nyingi za sasa hutuma kwa UTF-8 bila kukuuliza. Lakini mswada haupiti kwenye programu moja. Unaandikwa kwenye simu, unabandikwa kwenye barua, unasambazwa na katibu mwenye kompyuta iliyowekewa mipangilio kabla hajaajiriwa, unafunguliwa kwenye programu ya kupanga kurasa, unabandikwa tena kwenye tovuti. Kiungo kimoja kibovu kinatosha. Na uchafu ukihifadhiwa kisha ukasomwa vibaya mara ya pili, zile herufi tatu za ’ zinakuwa nane: ’. Nimeona ushairi wa Kiswahili kwenye kurasa za mtandaoni ukiwa na takataka hizo nane katikati ya neno, na hakuna aliyejisumbua kuzifuta.

Nirudi kwa washairi, maana wao ndio wanaoumia zaidi na ndio wanaolalamika kidogo.

Kwenye tungo za arudhi ritifaa ina kazi ya pili. Mshairi akibana mizani huikata silabi, na ritifaa humwonyesha msomaji kwamba silabi imekatwa kwa makusudi. 'Sinambie ni usinambie. 'Kaja ni akaja. Kipande cha mizani nane kinahesabika kwa sababu ile alama imemwambia msomaji: hapa palikuwa na sauti, nimeiondoa, usiirudishe. Sasa ile programu inayopindisha ritifaa ilitengenezwa kwa kufuata mazoea ya Kiingereza. Kanuni yake ni ya kubahatisha: alama ikija baada ya herufi, iwe ya kufunga, na ikija baada ya nafasi, iwe ya kufungua. Kwa ng'ombe inabahatika. Kwa 'kaja inachemka, kwa sababu inaona nafasi inadhani mtu anaanza kunukuu, inaweka alama ya kufungua nukuu isiyofungwa kamwe. Mhariri asiyejua arudhi anaiona nukuu haina mwisho, anaifuta. Anadhani amesahihisha.

Yamenikuta. Jarida moja la mtandaoni, silitaji, lilipokea tarbia yangu ya beti saba kwa barua pepe. Ilipotoka, ritifaa zote zilikuwa zimekwenda. Niliandika kuuliza. Jibu lilikuja kwa adabu sana: alama kadhaa zilifika hazisomeki, hivyo tuliziondoa ili shairi lisomeke. Lisomeke! Kwenye ubeti wa tatu mkulima alikuwa ameambiwa ang'oe, akabaki na “angoe”, neno ambalo halimo kwenye kamusi yoyote. Kwenye ubeti wa tano 'kaja yangu, ambayo ni akaja, iligeuka kaja, ambayo kwa mzungumzaji yeyote wa pwani ni amekuja. Jambo lililopita kitambo likawa limetokea sasa hivi. Msomaji mmoja alitoa maoni kwamba mtunzi hajui kupanga nyakati za vitenzi. Sikumjibu. Angeamini vipi kwamba aliyepanga nyakati hizo ni menyu ya kompyuta?

Na hapa ndipo inapotolewa ile hoja ambayo wenzetu huiona ya mwisho: “Lakini msomaji ataelewa tu. Nani asiyejua ngombe ni ng'ombe?”

Ninaipa hoja hii heshima yake, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Mtu aliyekulia ndani ya Kiswahili ataelewa. Ataelewa kwa sababu tayari anajua. Lakini maandishi hayaandikwi kwa ajili ya anayejua peke yake. Kuna mtoto wa Kiswahili aliyezaliwa Toronto au Muscat, ambaye neno king'ora atakutana nalo kwa mara ya kwanza kwenye hadithi uliyoichapa wewe. Kuna mwanafunzi ambaye lugha yake ya nyumbani haina sauti hiyo, anayetegemea tahajia imfundishe. Kuna msomaji wa miaka hamsini ijayo. Hao wote umewaandikia ngombe, na watasoma kama ulivyoandika, kama wanavyosoma ngoma.

Tena si watu tu. Mashine nazo zinasoma. Anayetafuta ng'ombe kwenye kumbukumbu ya jarida kwa ritifaa iliyonyooka anaweza asimpate ng'ombe wa ritifaa iliyopinda, wala yule ambaye mwandishi alitumia alama ya lafudhi iliyo pembeni ya kibodi, wala yule aliyepoteza alama njiani. Isipokuwa mtu ameielekeza programu iwaone kuwa kitu kimoja, hao ni wanyama wanne tofauti. Programu nyingine hukata neno kwenye ritifaa na kuhesabu maneno mawili: ng, na ombe. Kisha tunashangaa kwamba vikagua tahajia vya Kiswahili vinapiga mstari mwekundu kwenye maneno halali. Tumevilisha makapi, vinatutapikia makapi.

Na hapa nimezungumzia Kiswahili Sanifu tu, ambacho ndicho chenye unafuu. Tukitoka nje ya uzio wake, ile kauli ya bahati inakuwa aibu.

Chukua Kimvita. Kimvita kinatofautisha mpumuo, na wapo wanaouandika kwa ritifaa hiyo hiyo. Paa ni la nyumba, p'aa ni mnyama. Kaa ni la moto, k'aa ni wa baharini. Tembo ni la mnazi, t'embo ndiye mwenye mkonga. Ukifuta ritifaa kwenye shairi la Kimvita umemlewesha ndovu. Kisha atatokea mtu aseme lahaja ni ngumu kusoma, bora kila mtu aandike Sanifu.

Au chukua Kiswahili cha hati za Kiarabu, ambacho baadhi yetu tunakitaja kwa fahari kwenye mihadhara tu. Utendi wa Tambuka ulioandikwa mwaka 1728 ulitufikia kwa hati hizo. Tungo za Muyaka bin Haji zilikusanywa katika karne ya 19 na W. E. Taylor akisaidiwa na Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeziandika kwa hati hizo. Sasa jaribu kuzituma kwa barua pepe. Ukifungua menyu ya usimbaji ukaona limeandikwa “Kiarabu”, ukachagua ISO-8859-6 ukidhani umefika nyumbani, umejimaliza. Jedwali hilo ni la lugha ya Kiarabu, na Kiarabu hakina p wala ch. Kwa hiyo پ haimo, چ haimo, گ haimo, ڤ haimo. Pepo inabaki bila p zote mbili. Jedwali la Windows-1256 limeongeza tatu za kwanza, lakini ڤ bado halina. Ni Unicode tu ndiyo inayozo zote, pamoja na ڠ, ile ain yenye nukta tatu ambayo Wamalei huitumia kwa sauti ileile ya ng' yetu. Na hata hapo unahitaji fonti inayojua kuzipanga irabu juu na chini ya herufi zisigongane. Zipo fonti za bure zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Scheherazade New ya SIL. Ni majarida mangapi ya Kiswahili yameiweka kwenye kompyuta zao?

Halafu chukua jina moja ambalo kila msomaji wa ukurasa huu analijua: Ngũgĩ wa Thiong'o. Ndani ya jina hilo mna mitego yote mitatu, ũ, ĩ na ng'. Gĩkũyũ kina irabu saba. Ũ si u iliyovaa kofia, ni irabu nyingine kabisa. Wala ũ na ĩ hazimo kwenye ISO-8859-1 wala Windows-1252. Ukizilazimisha humo utapata Ng?g? wa Thiong?o, au mashine ikijitia huruma, Ngugi. Ukituma sawasawa kwa UTF-8 na mwenzako akasoma kwa jedwali la zamani, utapata NgÅ©gÄ© wa Thiong’o. Alipofariki Mei 2025, zilimiminika rambirambi kutoka kila upande, na si chache zilizolikosea jina hilo.

Fikirini jambo hilo kidogo. Huyu ni mtu aliyeamua kuacha kuandika riwaya zake kwa Kiingereza ili aziandike kwa lugha ya mama yake. Caitaani Mũtharaba-inĩ, iliyotoka 1980 na ambayo kwa Kiswahili tunaisoma kama Shetani Msalabani, aliiandika akiwa kizuizini Kamiti, kwenye karatasi za chooni. Kalamu na karatasi za chooni ziliweza kubeba ũ na ĩ. Ofisi yenye kompyuta sita na mtandao wa kasi haiwezi, kwa sababu hakuna mtu aliyefungua menyu. Mnisamehe, lakini hilo haliitwi tatizo la teknolojia.

Majirani zetu Waganda wanaujua mchezo huu. Tahajia yao rasmi ina herufi ŋ kwa sauti ya ng'. Kibodi za kawaida hazina, basi wengi huandika ng' badala yake. Kibodi imebadilisha tahajia ya watu bila mkutano hata mmoja kuitishwa. Nasi tulikuwa na kamati yetu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia kusanifisha Kiswahili, Kiunguja kikawa msingi, na hadi leo watu wa Mombasa wana la kusema juu ya uamuzi huo. Wana haki. Lakini angalau ile ilikuwa kamati: ilikuwa na majina, ilikuwa na kumbukumbu, unaweza kuibishia. Sasa tunasanifishwa mara ya pili na orodha ya chaguo ndani ya programu ya barua pepe, nayo haina mwenyekiti wa kumwandikia barua ya malalamiko. Inaondoa mpumuo wa Kimvita, inaondoa irabu za Gĩkũyũ, inaondoa p ya hati za Kiarabu, na ritifaa ya Sanifu inaichezea itakavyo. Anayeidhinisha yote hayo ni mhariri aliyeacha mipangilio kama alivyoikuta.

Ndiyo maana siwalaumu sana waliotengeneza programu. Wao walifikiria lugha yao, kila mtu hufikiria ya kwao. Mipangilio wametuachia, na tunaweza kuibadilisha. Ninaowalaumu ni wenzangu wanaoweza kubishana wiki nzima kama “mathalani” iandikwe neno moja au mawili, lakini hawajawahi kufungua sehemu ya fonti na usimbaji kwenye programu wanayoitumia kila asubuhi.

Basi niseme ninachotaka, nisionekane nalalama tu.

Mhariri, nenda kwenye mipangilio ya programu yako, sehemu ya fonti au ya lugha, mara nyingi imefichwa chini ya mipangilio ya ziada au ya kimataifa. Weka UTF-8 kwa barua zinazotoka, na kwa zinazoingia bila kutaja usimbaji wake. Chagua fonti ya kusomea yenye herufi zote ambazo waandishi wako wanaweza kuzihitaji. Fonti za Noto zilibuniwa kwa kusudi hilo, Charis na Gentium za SIL zinafaa kwa hati za Kilatini, na zote ni bure. Usichague fonti kwa urembo. Fonti isiyo na ĩ huazima ĩ ya fonti nyingine, ndipo unapoona jina la mtu lina herufi moja nene kama imevimba, au kisanduku kitupu.

Kisha jitumie sentensi ya majaribio kutoka kwenye simu, na nyingine kutoka kompyuta ya ofisini: Ng'ombe wa ng'ambo 'kang'oa ung'ong'o wa Gĩkũyũ, پ چ گ ڤ ڠ. Haina maana yoyote, lakini ikifika nzima hadi kwenye ukurasa uliochapwa, uko tayari kutangaza wito wa miswada. Isipofika nzima, hauko tayari.

Kwenye mwongozo wako wa waandishi, pale unapoeleza idadi ya maneno na tarehe ya mwisho, ongeza mstari mmoja unaosema jarida linatumia ritifaa ipi. Mimi ningesema iliyonyooka, namba 39, kwa miswada na barua, kwa sababu inavumilia safari. Mpanga kurasa akitaka iliyopinda ataiweka mwishoni kwa mkono wake, akijua anachofanya. Ukiona takataka ndani ya mswada, usifute. Tazama ni ugonjwa gani kati ya ile minne. Inayotibika itibu kwa kubadilisha usimbaji wa kusomea, isiyotibika mwandikie mwenyewe. Kufuta alama ya mshairi bila kumuuliza ni sawa na kumfutia neno.

Mwandishi nawe, zima ile huduma ya kupindisha nukuu. Iko kwenye programu ya kuandikia, chini ya masahihisho ya kiotomatiki, na kwenye simu iko chini ya mipangilio ya kibodi. Usihangaike kurembesha barua kwa fonti ya mwandiko wa mkono, maana mpokeaji asipokuwa nayo, mashine yake itachagua nyingine. Kama wewe ni mtunzi wa arudhi, usitenganishe ukwapi na utao kwa kubonyeza nafasi mara kumi. Barua nyingi zitazikusanya nafasi hizo kuwa moja, weka mkato au mstari wa mlazo. Na pamoja na faili ya kuhaririwa, ambatisha PDF ya kazi hiyo hiyo, ili mhariri awe na cha kulinganisha pale alama zitakapopotea. PDF hiyo pia ni ushahidi wako, siku utakapoambiwa hujui kupanga nyakati.

Wapo watakaosema nimekuza jambo dogo. Alama yenyewe ni ndogo kweli, haifiki hata ukubwa wa punje ya ulezi. Lakini sisi ni watu wa fasihi, na kazi yetu yote ni ya vitu vidogo. Mhariri asiyejali kama ng'oa imetoka ngoa atanishawishi vipi kwamba alijali chaguo langu la maneno, au kina changu cha kati, au mahali nilipokata ubeti? Sentensi ya majaribio nimeshaiandika hapo juu. Ninakili, mjitumie leo, mtazame inafikaje.